Sare Moja kwa Mtaa Mzima

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilirudi kutoka Kariakoo nimejaa sifa, na kabla sijavua viatu nikavuliwa sifa zote.

Nakuandikia wewe na wenzako wa kikundi. Nimesikia mmepata ile ruzuku ndogo ya kuwasaidia jirani zetu waliohamia hapa mtaani baada ya nyumba zao kuungua. Vigelegele vyenu vilinikuta nimelala, nikainuka nikakaa kitako. Kwa mwili huu wangu kukaa ghafla si jambo dogo, kwa hiyo elewa nilivyofurahi! Halafu mama yako akaniambia mmeshapanga kushona fulana, ninyi nyeupe na wao njano. Hapo nikaomba kalamu.

Enzi hizo nilikuwa msichana, nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa mama yangu Ilala. Nilikuwa mtu wa ndani. Sisemi nilikuwa mpole, la, nilikuwa mvivu wa kuvuka kizingiti. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu safari yake ndefu ni ya bafuni, na akifika anapumzika."

Mwaka huo maji yalipanda kule bondeni yakaingia majumbani mwa watu. Familia nyingi zikahamia kwetu huku juu, kwa ndugu, kwa marafiki, kwa yeyote mwenye chumba. Mama yangu akamkaribisha Mama Shani katika chumba cha uani. Alikuwa mama wa makamo, na bondeni kote walimjua: harusi haikuchangamka mpaka yeye aanzishe nyimbo. Kwetu alikuja na mkoba mmoja. Hakuimba, na hakutoka. Wingu likitanda tu, alisimama mlangoni ameukumbatia ule mkoba mpaka lipite.

Mimi, Mungu anisamehe, nikaona hatimaye nyumba imepata mtu wa ndani kunizidi. Sikuelewa kwamba mimi nilikaa ndani kwa kupenda, na yeye alikaa ndani kwa sababu nje palimtisha.

Tulikuwa na kikundi chetu cha akina mama. Mwenyekiti alikuwa Bi Tatu, kungwi wa mtaa, mwenye sauti ya kuwaamsha hata watu wasiomhusu. Mimi walinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu, na kama Bi Tatu alivyosema, "tukimhitaji tunajua alipo." Basi likatokea shirika linalotoa ruzuku kwa vikundi vidogo kama chetu. Si mkopo, ni fedha ya kupewa, ilimradi mfanye jambo la kuwarudishia watu utulivu wa moyo baada ya janga. Wengi wetu tukafikiria semina. Bi Tatu akasema yeye hajaona mtu aliyepona majonzi kwa kupewa chupa ya maji na kuoneshwa mchoro ubaoni.

"Tuwafanyie shughuli," akasema. "Ngoma, pilau, watu wacheze. Hawa bondeni walikuwa wanaalikana kila wiki. Huku tukiwaalika hawaji. Hawaji kwa nini? Hawana sare!"

Unalijua hilo mwenyewe. Shughuli yoyote ya akina mama hapa mjini ina sare yake, kanga moja kwa watu wa upande mmoja. Asiye nayo ataona heri abaki kwake kuliko kuja kukaa kwenye mkeka huku akitazamwa. Kanga za wenzetu zilikuwa zimekwenda na maji.

Ruzuku ikakubaliwa. We! Siku hiyo Bi Tatu alipiga sinia uchochoroni mpaka likapinda. Akina mama wakakumbatiana, mama yangu akacheza na fagio. Katikati ya shangwe Bi Tatu akanyoosha kidole. "Katibu, kesho unakwenda Kariakoo kununua kanga."

"Mimi?"

"Kuna katibu mwingine umemficha chumbani?"

Nikaenda. Kwa mtu kama mimi Kariakoo ilikuwa nchi ya nje. Mikokoteni inakujia kwa kasi, "Pisha, dada, pisha!" ukiikwepa unamkanyaga mwenye soksi zake chini, ukimwomba radhi anakuuzia soksi. Nilinunua soksi. Nilifika duka la jumla la Mzee Jayanti, muuza kanga, nimelowa jasho. Akataja bei, nikalipa. Alinitazama kwa muda. Nikadhani ananiheshimu.

Na pale dukani nikapata wazo. Nikachukua kanga za bluu, za kupendeza, kwa ajili ya sisi wenyeji. Kwa waliohamia nikachukua za rangi ya udongo. Hesabu yangu ilikuwa hii: wageni wa shirika watakuja kupiga picha, ni vizuri waone mara moja nani amesaidiwa na nani amesaidia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najipongeza.

Bi Tatu akafungua mzigo uani kwetu.

"Hizi za bluu za nani?"

"Zetu, Bi Tatu."

"Na hizi?"

"Za waathirika." Nililitamka neno hilo kwa fahari, maana nilikuwa nimelitoa kwenye makaratasi ya shirika.

Bi Tatu akakaa chini. Yule mama alizoea kugomba akiwa amesimama, kwa hiyo nikajua pameharibika.

"Zena. Kwenye harusi sare zinakuwa mbili kwa nini?"

"Ili wajulikane wa upande wa bwana harusi na wa bibi harusi."

"Haya. Hapa upande wa pili ni upi? Upande wa maji?"

Nikaanza kuzikunja upya zile za udongo.

"Mtu amepoteza kitanda, amepoteza picha ya marehemu mama yake. Amebakiwa na kitu kimoja, kwamba akipita njiani hakuna anayejua yaliyompata. Wewe unataka umvishe msiba wake, ajifunge na ajitande." Akainuka. "Kabadilishe. Zote bluu. Shughuli kesho kutwa."

Tatizo ni kwamba ukutani kwa Mzee Jayanti kulikuwa na maandishi makubwa: MALI IKITOKA HAIBADILISHWI. Na fedha nyingine hatukuwa nayo. Nililia kwanza, kisha nikabisha kwa Mama Shani. Usinipambe, mwanangu, sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kwa sababu nilimwogopa mwenye duka.

"Shikamoo, Mama Shani."

"Marahaba."

"Nimeharibu." Nikamweleza yote, na kanga nikamwonesha.

Akaishika ile ya udongo. "Hii ndiyo uliyonichagulia mimi?"

"Ndiyo."

"Rangi ya tope lile lile," akasema taratibu. Nilitamani ardhi inifiche. Halafu akauliza, "Bei gani?" Nikamtajia. Akageuka mzima mzima. "Alikutajia hiyo, ukatoa hiyo?"

"Ndiyo."

"Hukusema hata 'punguza'?"

"Niliona haya."

"Ya Rabi!" Akainama, akaanza kutafuta kandambili chini ya kitanda. "Asubuhi uniamshe. Mtu hawezi kufanyiwa hivi mimi nipo hai."

Mwanangu, yule mama tulikuwa tumempelekea uji, mawaidha na pole za kila namna, na hakuvuka mlango. Bei ya kanga ikamtoa!

Asubuhi Kariakoo alitangulia yeye. Mikokoteni ilimkwepa yeye. Mzee Jayanti aliponiona akacheka. "Dada wa jana! Mama, huyu nilimtajia bei akalipa. Usiku sikupata usingizi, najiuliza kwa nini sikutaja zaidi."

"Leo utalala, baba," Mama Shani akajibu. "Nimekuja kukutoa wasiwasi. Tupe bluu, chukua zako hizi."

Mzee akaonesha ukuta.

"Nimeusoma. Ukuta nauheshimu sana. Lakini naongea na wewe."

Wakaanza. Sijawahi kuona mchezo mtamu kama ule. Mzee anaapa, mama anacheka. Mama anabeba mzigo kujifanya anaondoka, mzee anamwita. Wateja wengine wakaacha kununua wakasogea. Mwishowe Mama Shani akasema, "Sikiliza. Wanawake wote wa bondeni hawana hata kanga ya kuswalia. Siku moja watanunua tena, kidogo kidogo. Wataulizana duka gani lilitusitiri. Unataka wataje la nani?"

Mzee akavua miwani. "Na wewe ulikuwa bondeni, mama?"

"Nilikuwa." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilisema.

Hapo hapo matone yakaanza kulia juu ya bati la kibaraza. Mama Shani akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mzee Jayanti alisogeza kigoda, akaagiza chai ya tangawizi ng'ambo ya barabara. Na mimi, ambaye hata salamu zilikuwa zinanikwama kooni, nikaanza kubwabwaja: habari za mama na fagio lake, habari za sinia la Bi Tatu, habari za soksi nilizonunua zote za mguu wa kushoto. Nilibwabwaja mpaka mvua ikakatika.

Mama Shani akashusha pumzi, akamaliza chai. "Nzuri, baba. Lakini haijatosha kunisahaulisha mzigo."

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Tulitoka na kanga za bluu zote, na zaidi akatuongezea uzi wa kupindia.

Mchana ule uani kwetu palijaa. Kila mmoja na kanga yake, wenyeji na waliohamia, wanakata, wanapinda, wanasutana kwa pindo zilizokwenda mshazari. Mama Shani alikaa katikati. Sikumbuki ni saa ngapi sauti yake ya kuimba ilianza, maana ilianza chini sana, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole. Nakumbuka tu mama yangu aliacha sindano, akanitazama.

Shughuli yenyewe usiniulize, nitashindwa kuacha! Matarumbeta yalifunga mtaa. Bluu, bluu, bluu, huku mpaka kule. Akaja afisa wa shirika na kamera yake, binti mwema, akamuuliza Bi Tatu, "Wale walengwa wetu wako wapi?"

"Watafute mwenyewe," Bi Tatu akamwambia.

Binti akazunguka, akatazama wachezaji, akachanganyikiwa. Kisha akaniona mimi nimejikunyata pembeni kwenye kiti, kama kawaida yangu. Akapiga magoti, akanishika mikono, machozi yanamlengalenga. "Pole sana, dada yangu. Ulipoteza nini kwenye maji?"

Mama Shani alikuwa nyuma yake, jasho linamtiririka, ametoka kucheza. "Huyo?" akapasua kicheko. "Huyo hajapoteza hata kijiko! Hatoki ndani!" Akaninyanyua kwa mkono, akanitupa katikati ya ngoma.

Sitakudanganya kwamba baada ya siku ile alipona. Mvua ikija bado alisimama mlangoni. Ila alianza kunibishia hodi, tukasimama wote.

Sasa ninachokuomba, mwanangu. Hizo fulana rangi iwe moja. Picha ya shirika ikikosa kuonesha nani kasaidiwa, mwacheni mpiga picha ahangaike, ni kazi yake. Na kabla hamjaenda kuwapa chochote, nendeni mkawaombe. Waombeni wawapikie, wawapangie, wawagombeze. Miongoni mwao yupo fundi, yupo mpishi, yupo mwenye ulimi wa Kariakoo kama Mama Shani. Mtu anayepewa tu kila siku hujiona mgeni hata miaka ikipita. Lakini anayetumwa sokoni na kugombana na muuzaji kwa ajili yenu, huyo ameshakuwa wa mtaa. Ruzuku ni ndogo, najua, na itaisha upesi. Itumieni kupata watu mtakaobaki nao ikishaisha.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu, awape macho ya kumwona mtu kabla ya shida yake. Awajaalie wale waliounguliwa wapate tena milango yao ya kufunga na kufungua kwa raha. Nanyi siku ya shughuli yenu mchoke kwa kucheza tu, si kwa kitu kingine. Amina.