Aliyetembea Nyuma ya Basi

Sikulazimishi uniamini. Hata mke wangu, tuliyelala kitanda kimoja miaka kumi na tisa, ilimchukua muda. Ninachokuomba ni kimoja tu: usicheke mpaka nimalize. Na usidhani nilikuwa na usingizi au nimelewa, maana haya hayakunitokea usiku. Yalinitokea saa nane mchana, jua linawaka, kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji huku ughaibuni, magari yamenibana kushoto na kulia. Kama kuna mahali mtu hategemei kukutana na marehemu, ni pale.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Kwetu Mbeya, naishi Lanham, na riziki yangu ni yale mabasi ya kuishi ndani ambayo watu wakistaafu hununua ili wazunguke nayo nchi nzima. Usifikirie kibanda cha kukokotwa na gari. Nasema basi zima, mita kumi na mbili, injini iko nyuma, ndani kuna jiko, friji ya milango miwili, bafu, chumba cha kulala, na kuta ambazo ukibonyeza kitufe zinasogea nje sebule ikapanuka. Raha yake kubwa, na usumbufu wake mkubwa vilevile. Lisipoendeshwa linaoza. Betri zinakufa, matairi yanapasuka hata kama hayajatumika, panya wanatafuna nyaya. Hapo ndipo wenye nayo wananipigia simu.

Mzee Barasa alikuwa Mkenya pekee niliyemjua mwenye basi kama hilo. Mtu wa Bungoma, aliendesha mabasi ya abiria huku kwa miaka mingi, na mkewe, Mama Rose, alikuwa nesi. Walipostaafu wakaweka akiba yao yote kwenye lile basi. Watu kanisani walishangaa, wengine wakasema wamechanganyikiwa, wazee wa Kiafrika wanatafuta nini kulala maegeshoni? Wao wakacheka, wakaenda. Wakatutumia picha za majangwa na maziwa.

Halafu Mama Rose akaanza kusahau. Kwanza majina, baadaye siku, baadaye hata nyumba yake ya Upper Marlboro. Na majira fulani ya baridi tukapata habari kwamba amefariki safarini, huko milimani. Mzee alitueleza msibani: walisimama mahali pa kupumzikia wasafiri, yeye akaenda msalani, mama akiwa amelala chumba cha nyuma. Aliporudi akawasha gari wakaondoka. Hakujua kwamba nyuma yake mama ameamka, ameshuka. Aligundua baadaye kabisa. Walimkuta asubuhi, kando ya barabara, amekufa kwa baridi.

Tulilia naye. Nani asingelia? Mtu amempoteza mkewe kwa kosa ambalo yeyote angeweza kulifanya.

Ulipita mwaka na zaidi ndipo akanipigia simu.

"Fundi, kuja uangalie hili gari. Litengeneze, unitafutie mtu wa kulinunua. Sitaki kuliona hapa tena."

Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Zamani shikamoo yangu ilikuwa ikimchekesha, alikuwa akisema Watanzania wana adabu mpaka inachosha. Siku hiyo hakucheka. Alinipa funguo kupitia dirisha la jikoni kwake, wala hakutoka nje.

Nilifanya kazi pale uani karibu wiki nzima. Nilibadilisha betri, oili, vichujio, matairi sita. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Yale mabasi yana ngazi ya umeme chini ya mlango, ukifungua mlango inajitokeza, ukifunga inarudi. Ngazi ile ikawa inajitokeza yenyewe mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Niko nyuma kwenye injini, nasikia zzzz, naenda kuangalia, ngazi iko nje. Nikabadilisha swichi. Ikajitokeza tena. Nikabadilisha nyaya. Ikajitokeza tena. Sikuogopa hata kidogo, nakuambia ukweli. Fundi wa umeme wa magari akianza kuogopa vitu vinavyojiwasha vyenyewe, atafunga kazi.

Mnunuzi alipatikana Rockville. Alitaka aletewe basi alione kwa macho yake. Ilikuwa majira ya kuchipua, ile miezi ambayo chavua ya njano inaanguka kila mahali. Nililiosha basi jioni, kesho yake mchana nilipokuja kulichukua likawa tayari limepakwa unga wa njano toka mbele mpaka nyuma. Sikuwa na muda wa kuliosha tena. Nikaondoka hivyohivyo.

Sasa nisikilize vizuri. Basi kama lile halina dirisha la nyuma. Kuna kamera huko nyuma, na mbele ya dereva kuna skrini, nayo unaiacha imewaka safari nzima, ndiyo macho yako. Nilikuwa nimeshapita Lanham, naenda mwendo wa maili sitini kwa saa, nikatupia jicho skrini.

Kulikuwa na mwanamke anatembea nyuma ya basi.

Anatembea, sio kukimbia. Katikati ya njia, hatua kama za mtu anayekwenda dukani. Sweta ya bluu, kanga kiunoni, ndara miguuni. Mkono wa kulia ameuinua juu, kama mtu anayesimamisha gari. Mimi naenda maili sitini na yeye anatembea, lakini nafasi kati yetu haiongezeki.

Nikatazama vioo vya pembeni. Hakuna kitu, isipokuwa lori moja kwa mbali. Nikarudi kwenye skrini, yupo. Nikaifuta kwa mkono wa shati, kana kwamba ni uchafu. Yupo. Na usiniulize kama nilimtambua. Mama yule alinipikia chakula, alinichagulia daktari mke wangu alipokuwa mjamzito. Ningekoseaje kumtambua Mama Rose?

Nikaomba sala zote ninazozijua. Na ndipo nikagundua kitu: nikikanyaga mafuta, anabaki palepale. Nikipunguza mwendo, anakaribia.

Na mbele yangu taa nyekundu za magari zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine. Foleni.

Wewe uliyewahi kuendesha Beltway unajua. Foleni ya pale haikuulizi una haraka gani. Nilikanyaga breki za upepo nikiwa nalia, mtu mzima mimi, nalia kwa sauti. Basi likasimama. Kwenye skrini akawa anakuja. Nikaona uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayeona usafiri wake haujaondoka. Akaja mpaka sweta ikajaza skrini nzima, nikaona vifungo. Halafu skrini ikabaki tupu.

Nikasikia vidole. Vinaburuzwa kwenye bodi ya basi kwa nje, upande wa kulia, vinatoka nyuma vinakuja mbele, taratibu, mita kumi na mbili. Vikafika mlangoni. Ngazi ikajitokeza: zzzz.

Akabisha mara tatu.

"Baba Rose. Nifungulie. Baridi."

Kutoka kiti changu mpaka mlango ule ni hatua tatu. Gari la jirani lilikuwa na vijana wanacheza muziki madirisha wazi, nje joto, jua, na sauti ile ikasema tena, kwa upole, "Baba Rose, baridi."

Sikufungua. Naomba ulijue hilo. Niling'ang'ania usukani nikafumba macho mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi, maana foleni ilikuwa imesogea. Nikaondoka. Nilipotazama skrini, alikuwa nyuma tena, mbali, mkono juu.

Nilitoka barabara kuu kwenye njia ya kwanza niliyoiona, nikaegesha kwenye uwanja wa duka kubwa lililokwisha kufungwa, nikaruka nje kupitia dirishani. Ndiyo, dirishani. Mlangoni nisingepita. Nikaenda kusimama mbali kabisa, nikampigia mzee.

Nikamweleza yote.

"Amevaa nini?" akauliza.

"Sweta ya bluu, mzee. Na ndara."

"Usiliendeshe. Nakuja."

Alikuja na gari lake dogo. Nikampeleka upande wa kulia wa basi. Kwenye ile chavua ya njano kulikuwa na mistari minne, imenyooka kutoka nyuma mpaka mlangoni, usawa wa mkono wa mtu mfupi. Alivisogeza vidole vyake karibu na ile mistari, hakuigusa.

"Nilimwona," akasema.

"Ulimwona wapi, mzee?"

"Siku ile. Niliwaambia sikujua kama ameshuka. Nilijua. Nilikuwa nimeanza kuondoka, nikamwona kwenye kamera anakuja, mkono juu."

Akaendelea, akiongea na ile bodi ya basi, sio na mimi.

"Alikuwa ananiuliza, 'Tumefika?' Namwambia bado. Nikinyamaza tu, 'Baba Rose, tumefika?' Siku tatu, fundi. Usiku na mchana. Nilikuwa nimechoka mpaka naogopa mikono yangu. Nikamwona kwenye skrini nikasema, wacha nipate dakika tano za kimya. Tano tu, nitageuka hapo mbele nije nimchukue."

"Na hukugeuka?"

"Hili gari unaligeuzia wapi mlimani? Nilienda nikitafuta mahali, mahali hakuna. Theluji ikaanza. Wakati nimerudi, hakuwa pale nilimwacha. Alikuwa amenifuata kwa miguu."

Alilia pale, mzee wa watu, ameegemea tairi. Mimi nilisimama tu. Nilitaka kumchukia nikashindwa, nikataka kumhurumia nikashindwa pia.

Kisha akajifuta uso, akaenda mlangoni, akaufungua wazi. Akasimama pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

"Mama Rose," akasema, "ingia. Twende nyumbani."

Tulingoja. Karatasi zilikuwa zinapeperuka uwanjani. Na mimi kwa macho yangu haya, nikiwa hatua kumi, niliona ngazi ikilemewa, halafu basi likainama kidogo upande wa mlango, kama linavyoinama mtu akipanda, likakaa sawa. Mzee alikuwa bado yuko chini.

Akapanda, akakaa kwenye usukani. Nilimfuata kwa gari lake mpaka Upper Marlboro, na njia nzima nyuma ya basi hapakuwa na mtu ila mimi.

Mnunuzi nilimwambia basi lina hitilafu. Akanitukana, akaenda kwingine.

Jumamosi iliyofuata mzee alimwita binti yake, Rose, akamwambia ukweli wote. Siku hiyohiyo jioni Rose akaja kwangu. Amekulia hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisema kwangu na yeye akasema kwake. Aliniuliza swali moja tu: mama yake alikuwa analia? Nikamwambia hapana, alisema anasikia baridi. Akauliza, na wewe ukamfungulia? Nikainamisha kichwa. Akaondoka bila kuaga. Sasa ni miezi mingi hajamsemesha baba yake, wala mimi.

Basi halikuuzwa. Mzee amehamia humo, nyumba yake kubwa imefungwa mapazia. Kila mwezi naenda kuiwasha injini, kwa kuwa dizeli ikikaa bila kuwashwa inaharibika. Nafanya kazi yangu nyuma, kwa nje, ndani siingii. Namsikia akiongea kwa upole, bila haraka. "Tumefika, mama. Tumefika kitambo." Baada ya dakika moja, tena, "Tumefika." Anayemjibu mimi simsikii, na kila nikiondoka namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini sauti niliyoisikia kwenye foleni sijaisahau. Ulikuwa mlango wa hatua tatu. Mke wangu anasema marehemu hasikii baridi, hivyo sikumkosea mtu. Anasema hivyo kunituliza. Nikikwama kwenye Beltway nafungua madirisha yote, hata kukiwa na theluji, hodi ya mtu isije ikanipita.

Sasa wewe. Sijui una gari la aina gani, na sijui nani anakaa nyuma yako. Kabla hujaliondoa, inuka uende ukamguse kwa mkono, usitosheke na kumdhania. Na siku ukimwona mtu wako amebaki nyuma, umechoka naye, unatamani dakika tano tu, basi zitumie palepale ulipo. Zima injini, kaa, nyamaza naye. Usiondoke. Huko mbele unakodhani utageuka, mimi nimeambiwa na aliyekwenda: hakuna mahali.