Jogoo Mbili za Mufuko wa Maharagwe

Wakati wetu, mutoto alijua kushona mufuko mbele ya kujua kuandika jina lake lote. Ninaandika kwa ninyi tuliokomaa pamoja huku Butembo, wale batakumbuka. Najua mutacheka: mutu wa miaka ishirini na sita anasema "wakati wetu" kama vile ameota mvi. Mucheke tu. Juzi mudogo wangu Kabugho alitoka Beni kwa likizo na mufuko wa mugongo wa kununua, picha za kung'aa pande zote mbili. Siku ya tatu zipu ikakufa. Nikamupa sindano na uzi. Akaiangalia ile sindano kama mutu amekuta nyoka ndani ya kiatu, kisha akaniuliza kama hakuna video ya kuonyesha namna ya kupitisha uzi. Kwa kupitisha uzi tu, ndugu zangu.

Mufuko wetu haukukuwa na zipu ya kukufa. Kitambaa kimoja, kamba moja, basi. Mukaka, ndiye mama ya baba yangu, alinifundisha kwenye mulango wa jikoni, jua la asubuhi likipasha mugongo na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikitoka ndani. Unakunja kitambaa katikati, upande muzuri ndani. Unashona huku, unashona huku, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, juu maharagwe ni nzito na hayana huruma kwa mushono mulegevu. Mudomo unaukunja upana wa vidole viwili, unaacha tundu, unapitisha kamba na epengle ya kufungia nepi ya mutoto. Ukivuta, mudomo unajikunja kama ule wa mutoto anakunywa dawa ya kinini. Nikitaka kukimbia kucheza, Mukaka alisema polepole, bila kuinua kichwa, "Kidole chenye hakijui sindano kitaomba-omba maisha yote." Leo ningemuonyesha vidole vya Kabugho. Vinajua kusugua kioo cha telefoni, kitu kingine hapana.

Mwaka ule nilikuwa najitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Katika parokia yetu, siku ya mavuno, batoto ba komunyo balipeleka maharagwe ya kwao mpaka altare, kila mumoja na mufuko ule alishona mwenyewe. Wa kununua, hapana. Mwenye hakushona alibaki kwenye benchi na badogo. Mimi nilitaka kutembea katika mustari ule kuliko nilivyotaka nyama ya Noeli, juu maharagwe yalikuwa ya shamba la Mukaka, yale alilima na mugongo wa kuuma, na yeye angekuwa kwenye benchi ya bamama ananiangalia.

Shangazi yangu, mufanyabiashara wa Beni, alinitumia kipande cha kitambaa cha kikwembe kipya. Kilikuwa na jogoo mbili kubwa nyekundu, moja juu ya ingine, zote zimesimama vizuri. Nikakunja katikati, nikashona kwa bidii ya mutakatifu. Nilipogeuza mufuko, upande moja jogoo imesimama. Upande wa pili iko kichwa chini, miguu juu, kabisa kama kuku zile bamoto banafunga kwenye gidoni, ule usukani wa pikipiki, kupeleka soko.

Jumamosi katekista wetu alikagua mifuko. Alikuwa mama wa kola ngumu, mwenye kuangalia watu kama anabapima. Aliugeuza wa kwangu mara mbili, akasema, "Masika, mbele ya altare hatupeleke kuku ya soko. Rekebisha, ama kesho utabaki kwenye benchi." Na njiani yote batoto bengine bakaniuliza bei ya kuku.

Nyumbani nililia mpaka kamasi ikaingia mudomoni. Mukaka akapima na vidole. Akaniambia tukikata kitambaa katikati na kugeuza ile ya chini, kichwa chake kitamezwa na pindo ya kamba. "Kuliko jogoo bila kichwa," akasema, "afazali hii ya soko." Kisha akasimama, akaweka mufuko mbele ya tumbo yake, akaupindua, akaanza kucheka peke yake.

"Ile ya kusimama, iangalie altare," akaniambia. "Ile ya soko, iwe kwa tumbo yako. Ukifika kwa kumwaga, pindua kwa mbele. Usipindue kwa pembeni, unasikia?"

Sikuelewa kitu, lakini kwa Mukaka mutu haulizi mara mbili.

Kesho yake katekista alisimama kando ya kitunga cha kumwagia maharagwe, macho yake tayari yananingojea. Akaona jogoo inakuja, imesimama. Nikafika, nikalegeza kamba, nikapindua kwa mbele, mudomo chini, matako ya mufuko juu. Maharagwe yakamwagika na kelele ya mvua kwenye mabati. Na ile jogoo ya soko ikatoka kwa tumbo yangu, ikapanda juu, ikasimama sawasawa mbele ya macho ya katekista, kidari mbele. Ile ya kwanza sasa iliniangalia mimi, miguu juu.

Katekista akainama kwa sikio yangu. "Umeona? Ukitaka, unaweza kurekebisha."

Kwenye benchi ya bamama Mukaka akakohoa, kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Mufuko ule ungali uko, kwenye musumari karibu na mashini yangu ya kushona. Kila asubuhi naota atelie yangu mwenyewe, nyumba ya kushonea, na kioo kikubwa mbele, na mifuko ya kamba imetundikwa musururu. Kabugho aliushika juzi, akaniambia mimi dada yake, "Yaya, hapa bamekosea, jogoo moja iko kichwa chini." Nikamwambia aujaze maharagwe, amwage kwa mbele, ataona. Akacheka, akarudi kwa telefoni yake. Ule wa kwake, picha zote zimesimama bila mutu kuhangaika, na uko ndani ya takataka.

Wakati Mukaka alikuwapo, mufuko ulijazwa na ulimwagwa kila juma. Leo maharagwe tunanunua kidogo-kidogo ndani ya sashe, vile vifuko vya plastiki, na shamba linalimwa na bengine. Kwa hiyo hakuna mwenye kuupindua tena, na ile jogoo imebaki kichwa chini tangu Mukaka aende.