Bloki Tatu za Mama Furaha

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nikae juu ya kreti tupu ya soda, nisiguse kitu. Patroni, mwenye duka la redio na betri kule mtaa wa Asiatique, alikuwa amegeuza stoo yake ya nyuma kuwa chumba cha michezo ya video: televisheni nne, mashine nne, mabenchi na feni moja. Alitaka mtu wa kusimama mlangoni, mwenye mabega. Mabega nilikuwa nayo, nilibeba magunia bandarini tangu ujana. Shule ndiyo sikuwa nayo. Niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema, maana kila nilicho nacho leo nimekipata kwa mikono hii.

Kazi ya mlango Patroni hakunifundisha. Alichomoa kwenye mashine kitu kidogo cha plastiki, kama kiberiti, akakiweka kiganjani mwangu.

"Hii ni nini?"

"Sijui, Patroni."

"Vizuri. Mutu anayejua sana anachomoa ovyo. Hii ni kadi. Ndani mwake kuna mali ya batu. Duka yangu ikiungua nitalia mi peke yangu. Hii ikiharibika batalia bote, na batakuja kulia hapa kwangu, wallahi."

Nyinyi vijana mnacheza bila kujua shida hiyo, kwa hiyo nieleze. Mchezaji anakusanya vitu: panga, dawa, funguo, ngao. Vyote vinakaa ndani ya mfuko wake mle kwenye mchezo. Lakini mashine ukiizima inasahau kila kitu, kama mlevi asubuhi. Ndiyo sababu kabla ya kuzima unaweka, yaani mashine inaandika mfuko wote kwenye kadi. Kesho unarudisha: mashine inasoma kadi, na mfuko unafunguka vile vile ulivyouacha. Kadi moja ilikuwa na vyumba kumi na tano, tuliviita bloki. Michezo midogo ilikula bloki moja. Mchezo wa msafiri, ule wa kutembea nchi nzima ukiokota vitu, ulikula tatu kwa mtu mmoja.

Diski yetu ya msafiri ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyeyasoma, si mimi wala wale waliotoka chuo kikuu. Tulishika kwa mahali: mstari wa juu ni kuweka, wa chini ni kurudisha. Kuweka kuna sheria yake, kwamba taa ya mashine ikiwaka hakuna kugusa kadi, hata nyoka akiingia. Kurudisha ndiko kulikowadanganya watu. Mtu amepata upanga mchana, hajauweka, kisha kwa haraka anarudisha mfuko wa asubuhi. Upanga umekwenda. Halafu ananishika mimi shati.

Adui mkubwa alikuwa umeme. Feni ikianza kuzunguka kwa uvivu, nilijua hatuna muda, napiga kelele: "Wekeni!" Na mchezo ule ulikubali kuweka mfuko ukiwa kwenye kisima tu.

"Kaka, niko mbali na kisima!"

"Kimbia basi! Unanieleza mi nikusaidie na nini?"

Chumba kizima kinacheka, yeye anakimbiza msafiri wake jasho likimtoka. Nilizipenda siku zile, nisidanganye.

Patroni alipofungua chumba cha pili kule mtaa wa Kinama, alinipeleka huko kama mlinzi wa kadi. Chini ya nani? Chini ya Jerani, ndivyo tulivyomwita msimamizi, mwanaume mwembamba asiyependa benchi likae bure. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu chumba kijae.

Kinama ndiko nilikomkuta Mama Furaha. Alikuwa muuza vitenge, anavuka mpaka kutoka Uvira na marobota yake, analala kwa dada yake, na akimaliza soko anakuja kwetu. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta mtoto wake.

"Mutoto gani?" akaniambia. "Sogea nikae. Nipe ile ya kuokota."

Alicheza akiwa amevua viatu, miguu juu ya robota. Na hakuwahi kuuza kitu mle ndani. Kila kijiji cha mchezo ule kina duka, wachezaji wote wanauza vyuma vya zamani wanunue vipya. Yeye hapana. Alikuwa na mapanga yaliyovunjika, majani makavu, hata sufuria moja isiyopika chochote.

"Mama, uza hata hiyo sufuria," nikamwambia. "We si mufanyabiashara?"

"Kutwa nzima nauza. Wakati nilikimbia kwetu mara ya kwanza, nilitoka na kitenge kimoja, kile nilichovaa. Huyu mwanaume wa ndani ya televisheni, mi sitamutoa mikono mitupu. Sufuria inabaki."

Sikumtania tena kwa sufuria.

Mimi pia nilikuwa na mfuko wangu. Patroni alituruhusu kucheza asubuhi baada ya kufagia. Ndani yake nilikuwa na ngao ya dhahabu, peke yangu Kinama nzima, na nilijivuna nayo sana. Mama Furaha aliitolea macho.

"Uniuzie."

"Haitoki mfuko huu kwenda mwingine, mama. Mashine haikubali."

"Mashine au we?"

Kisha mpaka ukafungwa. Wiki zikapita, zikawa miezi, Mama Furaha hakuonekana, simu yake haikuita. Vijana wa mtaa nao wakapanga ubingwa wa mpira kwenye mashine zetu, na ubingwa ule ulitaka bloki tatu za kuweka timu na matokeo. Kadi zote zilikuwa zimejaa. Kadi mpya haikupatikana mjini, Patroni mwenyewe aliitafuta Asiatique yote, mzigo ulikuwa umekwama.

Jerani akaja moja kwa moja. "Futa mufuko ya yule mama."

"Apana."

"Unasema nini?"

"Nasema apana. Mali ya mutu haifutwe akiwa hayupo."

"Hatarudi! Miezi sasa. Na kadi ni ya Patroni, si yake."

"Kadi ni ya Patroni. Vitu ni vyake."

Vijana walikuwa mlangoni wakisikiliza. Mmoja akapaza sauti: "Mzee amependa! Anatunza mahari!" Wakacheka. Jerani hakucheka. Aliniambia kabla chumba hakijafunguliwa Jumapili, bloki tatu ziwe tupu, au mimi nirudi kwenye magunia.

Jumapili asubuhi nilifagia kama kawaida. Nikachomeka kadi, nikafungua mifuko yote nikaitazama. Ya waliokuwa wakija kila siku sikuigusa, wangenishika shati, na wangekuwa na haki. Nikafungua wangu. Nikaitazama ile ngao mara moja. Mashine ikaniuliza kwa Kijapani chake kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Jerani alipoona alishika kiuno. "Umefuta yako? We mutu una akili kweli?"

"Bloki tatu ziko tupu, Jerani. Ndizo uliomba."

Ubingwa ulichezwa, benchi zote zilijaa, naye Jerani alifurahi.

Mpaka ulipofunguliwa, Mama Furaha aliingia na robota kichwani, amekonda. Hakunisalimu.

"Nirudishie."

Mstari wa chini. Taa ikawaka. Nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri daktari. Mfuko ukafunguka, na yeye akavipitia vitu kimoja kimoja, kama anavyokagua robota baada ya forodha. Panga lililovunjika. Majani. Akafika chini kabisa.

"Sufuria iko," akasema, akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akageuka. "Na we? Onyesha ngao nione wivu."

"Niliuza."

Akanitazama. Mfanyabiashara huwezi kumdanganya kuhusu mauzo. "Uliuza bei gani?"

"Bloki tatu."

Alitazama mfuko wake, akanitazama mimi. "Ulipunjwa," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka.

Safari iliyofuata aliniletea kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge: kadi mpya, bloki zote tupu. "Hii ni yako, si ya Patroni. Usiniambie asante, utanikasirisha." Nilinakili humo mfuko wake kwanza, maana kadi kwa kadi mashine inakubali, na kwa kadi ile nilianza chumba changu mwenyewe mtaa wa Kanyosha, na televisheni moja mbovu niliyoitengeneza mimi. Watu walikuja na kunitafuta kwa jina: yule mzee asiyefuta. Wengine wana vyeti ukutani. Mimi nilikuwa na jina hilo, na lilinijengea nyumba ya matofali.

Sasa nimestaafu. Chumba anaendesha binti yangu, na ananiambia mifuko ya siku hizi haikai kwenye kadi, inakaa mbali, kwenye intaneti.

"Na huko ikijaa, nani anaamua wa kufutwa?" nilimuuliza.

"Papa, huko haijai."

"Kila kitu kinajaa."

Alicheka. Anaendesha vizuri, sina lawama. Lakini mashine ya zamani niliichukua nyumbani, na mara kwa mara nachomeka kadi ile, narudisha, natazama, nazima. Kitu kisichofunguliwa huwezi kuapa kwamba kipo.

Mama Furaha havuki tena sana, magoti yamemchoka. Anapiga simu kutoka Uvira, na mpaka leo hana salamu.

"Mufuko yangu?"

"Iko, mama."

"Na sufuria?"

"Na sufuria."

"Haya. Habari za huko?"