Blaindi za Mnunuzi

Mtaani walimwita Bwana Stoo. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya hospitali, na kazi yake, kama alivyoielewa mwenyewe, ilikuwa kuhakikisha kwamba vitu havitoki. Nesi akija kuomba glavu, aliambiwa haipo. Daktari akija kuomba sabuni, aliambiwa haipo, tena kwa sauti ya mtu aliyekaa mbele ya rafu nne za sabuni. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani. Saa aliiacha ndani ya boksi lake ili isichakae.

Nyumba yake aliiendesha kwa sheria zilezile. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja kwa miaka kumi na mmoja. Mlango wa bafuni ulikataa kufunga tangu kifungua mimba wao alipokuwa darasa la tatu, kwa hiyo aliyekuwa ndani alilazimika kuimba ili aliye nje ajue kuna mtu. Mkewe, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kufulia palepale hospitalini, alikuwa ameimba humo miaka kumi na minane. Kila alipouliza habari ya fundi, alijibiwa, "Tutaona." Hawakuwahi kuona.

Siku moja Bwana Stoo alitua kijiko chake mezani, akatangaza kwamba nyumba inauzwa. Wangehamia kijumba kidogo pembeni ya mji, na kwa chenji itakayobaki wamalizie uzee wao kwa raha. Hakuuliza, alitangaza. Mkewe alimtazama, akaendelea kula.

Kesho yake akaja dalali, mwanamume mrefu mwenye faili kwapani na manukato yaliyomtangulia hatua tano. Alizunguka vyumba vyote akiguna.

"Mzee wangu," alisema, "mnunuzi hununua kwa macho. Paka rangi, tengeneza bomba, tengeneza mlango huo wa bafu. Na haya mapazia..." Alishika pazia la sebuleni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Haya yanaizeesha nyumba. Watu siku hizi wanataka blaindi."

Basi mkono wa Bwana Stoo, ambao haukuwahi kufunguka kwa mke wala mtoto, ukafunguka kwa mtu asiyemjua. Fundi aliitwa Jumatatu. Bomba lilimchukua dakika kumi. Mlango wa bafuni ulimchukua nusu saa, pamoja na muda wa kunywa chai.

"Kumbe ni bawaba tu," fundi alisema.

"Bawaba tu," mke alirudia, akimwangalia mumewe.

"Mnunuzi hawezi kuoga mlango wazi, Mama Watoto," Bwana Stoo alisema kwa uchungu wa kweli. "Si ustaarabu."

Alipoondoka fundi, mama yule aliingia bafuni, akafunga, akazungusha ufunguo. Hakuimba. Dakika zikapita mpaka mumewe akaingiwa na wasiwasi, akagonga.

"Unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

Jumatano walikwenda duka la blaindi. Bwana Stoo alikuwa amepima madirisha mwenyewe, akaandika vipimo nyuma ya bahasha. Muuzaji, dada mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo, aliwaonyesha aina tatu: za mbao, za kitambaa cha kujiviringisha, na za plastiki, zile za vipande vyembamba vilivyopangwa kama ngazi, unavuta kamba vinapanda, unazungusha kijiti vinafunguka na kufumba. Bwana Stoo alisikia bei ya mbao, akakohoa. Alisikia bei ya kitambaa, akatafuta kiti.

"Za plastiki zinatosha," alisema. "Hizi rangi gani zina punguzo?"

"Hizi hapa, baba. Zilibaki."

Zilikuwa na rangi ya bandeji iliyokwisha kutumika.

"Safi," alisema Bwana Stoo. "Nipe za madirisha manne."

"Bahasha inasema tisa."

"Manne ya mbele. Mnunuzi anakuja kwa mbele."

Muuzaji alivaa miwani ili amwone vizuri. "Vipimo hivi ni vya ndani ya fremu au nje?"

Bwana Stoo alifikiri. Katika maisha yake hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua mbele ya mtu mwenye kaunta.

"Katikati," alijibu.

Hapo mkewe akavuta kiti karibu. "Ndani ya fremu, mwanangu. Toa sentimita moja kwenye upana, isije ikakwaruza fremu. Na hiyo ya bandeji irudishe ulikoitoa. Tupe nyeupe ile ya maziwa. Plastiki hiyohiyo, ya bei ndogo, lakini nyeupe. Nimefua mashuka ya wagonjwa maisha yangu yote, sitaki kuyaona dirishani."

Tofauti ya bei ilikuwa ndogo sana, lakini Bwana Stoo alinuna mpaka nyumbani.

Blaindi zilipofungwa madirishani, alitoa amri mbili. Kwanza, nailoni iliyozifunika isitolewe. Pili, kamba zisiguswe. "Za mnunuzi hizo," alisema. Asubuhi iliyofuata alimkuta mkewe sebuleni, nailoni iko chini, amezungusha kijiti nusu, mwanga umeingia kwa mistari na kulala juu ya sakafu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na anachungulia barabarani.

"Njoo uone," alimwita mumewe kwa mnong'ono. "Sisi tunawaona, wao hawatuoni. Yule jirani yetu wa kona, kumbe hufagia uchafu wake anausukumia kwetu!"

"Usizichezee."

"Sichezi. Natazama."

Juma zima alitazama. Alihamisha kiti chake dirishani. Alioga mara mbili kwa siku. Rangi mpya aliifuta vumbi kwa kitambaa laini, na Bwana Stoo, ambaye maisha yake yote aliwatilia shaka watu walioingia stoo, hakutilia shaka chochote. Alifurahi kwamba mkewe anaitunza mali ya mnunuzi.

Wanunuzi walikuja Jumamosi, mwalimu na mkewe mfamasia. Walifungua bomba, wakafunga. Walifungua mlango wa bafu, wakafunga. Mfamasia alivuta kamba ya blaindi, ikapanda bila kukwama, akatabasamu. Walitaja bei iliyomfanya dalali atoe kalamu kabla hawajamaliza sentensi.

"Mzee utasaini hapa, na mama hapa," dalali alisema, kwani mkopo wa kujengea ulikatwa kwenye mishahara miwili na hati ilikuwa na majina mawili.

Bwana Stoo alisaini kwa mbwembwe. Mkewe alikunja mikono.

"Mimi siuzi."

"Mama, bei haitoshi?" mwalimu aliuliza kwa heshima.

"Inatosha sana, mwanangu. Ila nyumba hii mimi nimehamia wiki iliyopita. Ile niliyokuwa nakaa ilikuwa nyingine, na hiyo ningewauzia hata bure."

"Anatania," alisema Bwana Stoo, jasho likimtoka.

"Sitanii. Karibuni chai, lakini nyumba haiuzwi."

Wageni hawakunywa chai. Dalali alibaki kidogo akibembeleza, kisha naye akachukua faili lake. Bwana Stoo alimpigia simu binti yao mkubwa, akaweka sauti ya juu ili mama mtu aaibike.

"Mama yako amekataa kusaini! Tumetengeneza kila kitu, bafu, bomba, blaindi..."

"Bafu linafunga?" binti aliuliza.

"Linafunga, lakini sikiliza..."

"Linafunga kweli, Baba? Basi mwezi ujao nakuja na watoto, tukae wiki mbili."

Simu ilikatika. Mke alikuwa ameshaanza kuhesabu vitanda, akasema kwamba madirisha matano ya nyuma nayo yangepimwa kabla wajukuu hawajafika, ndani ya fremu.

Siku ya tatu Bwana Stoo alikwenda kinyozi, kwa sababu habari zilikuwa zimeshatangulia huko. Alikaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni, akaeleza kwamba wale watu walikuja na bei ya kudhalilisha na yeye akawafukuza. Mtu mwenye akili, alisema, hauzi nyumba nzuri vile.

"Na zile blaindi zimeipendezesha nyumba kweli," kinyozi alisema. "Nani alichagua?"

"Mimi," alijibu Bwana Stoo, akainamisha kichwa ili anyolewe kisogo.