Namba ya Ujasiri

Kwa miezi minane niliongoza mchezo wetu vibaya bila kujua. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa watatu kwenye meza ya kulia, nyumbani kwangu mtaani Hewa Bora: binti wa mjomba wangu, ambaye ni muuguzi, kaka wa mke wangu, na mimi. Wao walikuwa mashujaa wanaoingia mapangoni. Mimi nilisimulia pango na kuwachezea maadui. Vifaa vyetu ni karatasi, dadu na maneno.

Kitabu cha kanuni tulikuwa nacho kwa fotokopi, na aliyeitoa alikata ukingo wa kulia. Hivyo safu ya mwisho ya jedwali la maadui ilipotea, na maadui wangu wakawa wanapigana mpaka wa mwisho, hata panya. Muuguzi alikwisha kupoteza mashujaa wawili. Aliniambia kwa upole kwamba huyu wa tatu akifa, yeye mwenyewe hatarudi kucheza. Vifo anavyoviona kazini vinamtosha.

Kisha rafiki akanitumia kurasa kamili kwa simu. Safu ile ilikuwa namba ya ujasiri. Ni rahisi: adui wa kwanza akianguka, na tena nusu yao wakiisha, unatupa dadu mbili. Jumla ikizidi namba yao, wanakimbia. Hata kibwengo anapenda kufika kwake.

Jumapili hiyo walikutana na vibwengo sita, namba yao saba. Mkubwa wao alianguka, nikatupa dadu, ikaja tisa. Wakaacha mikuki na kutoweka gizani. Shemeji alicheka.

“Bibwengo byako biko na akili kupita shiye.”

Mbele zaidi kulikuwa na fisi wakubwa watatu, namba kumi. Mmoja alipokufa nilipata sita tu. Wakabaki. Shujaa wa muuguzi alikuwa amebakiwa na alama moja ya uhai, nami, nakiri, nilitamani kutupa tena. Muuguzi, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, akaziwekea dadu mkono.

“Yaya, na miye? Namba yangu iko ngapi?”

Nikamweleza kwamba mashujaa hawana namba. Mchezaji anaamua mwenyewe. Sikuwahi kumwambia. Kwa kuwa maadui wangu hawakuondoka kamwe, alidhani kuondoka hakumo mchezoni.

Akamwambia shemeji wakimbie. Shemeji akanung'unika kwamba babu yake, mtu wa mgodi, hakuacha kazi hata siku moja.

“Kila jioni alikuwa anarudia ku nyumba,” muuguzi akamjibu. “Njo maana wewe ulizaliwa.”

Wakawatupia fisi nyama yote ya safari, wakakimbia. Fisi walisimama kula. Hilo pia kanuni inaliruhusu. Mashujaa walipofika nje ya pango, muuguzi alikunja karatasi ya shujaa wake, akaiweka mkobani, akauliza Jumapili ijayo tuanze saa ngapi.