Mgiriki Aliyenitii

Alhamdulillahi, Mola amenijaalia subira, na Jumamosi akanionyesha inapoishia.

Nilitoka Mlandizi hadi Kisarawe kumtazama mjukuu wangu Hamisi akishindana. Aliimba kwa singeli kisa cha Mgiriki wa kale aliyekwenda kumtoa mkewe kuzimu. Sharti lilikuwa moja: akigeuka nyuma njiani, anampoteza. Binti aliyeigiza mke akamfuata. Hamisi akaanza kugeuza shingo, kama hadithi inavyotaka. Nikasahau kuwa ni wimbo, nikasimama.

"Hamisi! Usigeuke!"

"Sawa, babu!" akajibu kwenye maiki, akanyoosha mbele, mke akatoka mzima. Vifijo! Ushindi ukawa wetu.

Mshereheshaji akauliza, "Mzee aliyeokoa mke wa watu yuko wapi?"

Nikageuka nyuma, kana kwamba namtafuta. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi.

Nawe msomaji, Mungu akurudishie salama kila umpendaye.