Jina Lililomukimbiza Mama

Siku yangu ya kwanza ku redio, hapa Goma, chef d'antenne, yule anayeamua nini kisomwe na nini kisisomwe, aliniuliza jina. Nikamwambia.

"Hilo liache kwa bibi yako," akasema. "Hapa weye ni Tonton Salama. Mutu akikasirikia habari, asijue unalala wapi."

Ndivyo tulivyofanya kazi, ninyi vijana. Kila mutu alikuwa na jina la antenne, la kutumia hewani, na wengi tulilibeba hata nje ya studio. Mimi nilipewa avis de recherche, matangazo ya watu waliopotezana vitani. Kazi ya kuvunja moyo, Mungu wangu!

Siku moja mama mmoja alifika kutoka mji mudogo wa Kiwanja, jina lake Vumilia, akimutafuta mutoto wake, Bahati. Hakuwa na adresi wala telefone. Alisema atapita tena. Alipokwisha kuondoka nikasoma tangazo lake. Nyuma ya kioo Patrick, technicien wetu wa sauti, aliinamia mashine yake mpaka tukamaliza. Kisha akanishika mkono.

"Tonton, ule ni mama yangu. Bahati njo miye."

Hasira ikanipanda. "Tunakula sahani moja miaka yote hii, na hukuniambia?"

"Na weye, Tonton, jina lako ni nani?"

Nikamuvutia kiti, akanieleza.

Alikuwa ametoroka watu wa bunduki waliomuchukua kwa nguvu, na walikuwa bado wanamutafuta. Tukamungojea mama. Hakurudi. Tukaamua kumuita hewani, lakini Patrick hakutaka jina lake la Bahati litajwe tena. "Bale batu nabo banasikiliza redio." Chef d'antenne naye akakaza: "Tangazo bila jina la mwenye kutafuta, hapana." Basi nikasoma: Patrick wa Goma anamutafuta mama yake, Vumilia wa Kiwanja, afike ku redio.

Baada ya siku chache akaja mama mwingine, aliyelala na Vumilia ndani ya kanisa moja huko Birere, mutaa wa hapa hapa Goma. Birere! Patrick alikuwa anapita pale kila asubuhi.

"Alisikia tangazo," yule mama akatuambia. "Akasema, 'Miye sina mutoto Patrick. Ni bale batu, banataka banikamate ili Bahati atokee.' Akafunga kitambaa chake, akaenda. Hakusema wapi."

Patrick alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya studio, akalia kama mutoto.

Sasa nimestaafu. Vijana wa redio wanakuja kwangu, mutaa wa Katoyi, wananiambia, "Papa, tuchagulie jina zuri la antenne." Siwezi, nimechoka kabisa. Patrick angali na jina lake, na wale watu hawajamupata hadi leo. Mama yake naye hajamupata.